Soriasisi ama ekzima? Venye utapimwa ngozi bila kukatwa, na venye utajiandaa

Mwaka juzi Desemba nilikuwa Kisumu kwa dada yangu, tumekaa nje jioni juu ndani ya nyumba joto ilikuwa ya kukaanga mtu, na binti yake wa miaka 7 akaweka mkono wake kando ya wangu akasema anti, sisi tuko sawa. Ukituangalia mbio mbio kweli tulikuwa sawa, wote tunajikuna, wote tuna madoa na magamba, na wote tulikuwa tunapaka krimu moja, tyubu ndogo ya kemisti nilikuwa nanunua Nakuru namtumia dada yangu nyingine kwa matatu. Halafu mtoto akageuza mkono na hapo ndio nikashtuka. Yake ilikuwa kwa kikunjo, pale ndani mkono unapopindia, na huwezi kusema inaanzia wapi ama inaishia wapi. Yangu ilikuwa nyuma, kwa kiwiko chenyewe, na ungechukua kalamu ungeizungushia mstari bila kukosea.

Sasa kufupisha, yake ilitoka ekzima na yangu soriasisi, na hakuna mtu kati yetu alikatwa hata kipande. Mimi si daktari, mimi ni msusi hapa Nakuru, nimeshika vichwa vya watu miaka 11 na nimeona magamba ya kila aina. Naandika hii juu watu wengi huku kwetu wanaogopa kupimwa ngozi wakidhani lazima wakatwe nyama, kwa hivyo wanabaki na kemisti miaka na mikaka. Ukweli ni kwamba mara nyingi daktari anajua bila kukata, lakini kuna kazi kidogo ya kwako kabla hujafika kwake, na hiyo kazi ndio watu hawaambiwi.

Na usifikirie jina la ugonjwa ni mambo ya vitabu tu. Krimu ya steroidi inatuliza zote mbili kwa muda, hapo ndio mtego uko, unapaka unaona nafuu unasema si hii ni dawa yangu. Lakini soriasisi inaweza kuingia kwa viungo, vidole vikafura, magoti yakauma asubuhi, na ukiachilia viungo vinaharibika. Halafu ukipewa steroidi za mwili mzima, vidonge vya kumeza ama sindano, halafu zikakatwa ghafla, soriasisi inaweza kurudi kwa hasira mara mbili, saa zingine na vipele vya usaha mwili wote. Ekzima nayo shida yake ni nyingine, ngozi yake inapitisha maji na vidudu kirahisi, inapata maambukizi, na matibabu mengi yake ni mafuta ya kila siku na kujua nini inaiamsha. Ukichanganya hizi mbili unatibu jirani.

Kipimo cha kwanza ni macho na vidole

Hii watu wanaidharau lakini ndio kipimo kikubwa kuliko vyote. Daktari wa ngozi anayejua kazi atakuangalia mwili mzima, si pale unawashwa tu. Wewe anza mwenyewe nyumbani, mchana, karibu na dirisha, nguo zimetoka, na mtu unayemwamini akusaidie na mgongo.

Angalia mahali. Soriasisi inapenda viwiko kwa nje, magoti kwa mbele, ngozi ya kichwa, kiuno kwa nyuma, ndani ya kitovu na kwa mfereji wa makalio. Ndio, hapo pia, na watu hawasemi. Mimi nilikuwa na doa hapo miaka miwili nikidhani ni joto ya kukaa kwa kiti. Ekzima ya kurithi inapenda mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingo, kwa watoto wachanga mashavu. Lakini hii si sheria ya Musa, juu soriasisi pia ina aina ya kukaa kwa mikunjo, chini ya matiti na kwapani, na hapo inakuwa laini inang'aa bila magamba, na inadanganya hata wakubwa.

Halafu rangi. Vitabu na picha nyingi za mtandao zinasema ngozi inakuwa nyekundu, na hapo ndio watu wetu wanapotelea. Kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Soriasisi kwangu ni zambarau ya kuzama, karibu kahawia iliyoungua, na juu yake gamba la kijivu kama chokaa iliyopakwa ukutani ikaanza kubanduka. Ekzima ya mtoto wa dada yangu ni kahawia nzito yenye majivu, na kwa tumbo lake haikuwa madoa kabisa, ilikuwa vipele vidogo vidogo kila kinyweleo na chake, ukipitisha mkono unasikia kama karatasi ya msasa. Pale alikuwa amekuna sana kwa shingo ngozi ilishakuwa nene na mistari mistari.

Kwa hivyo usitegemee macho peke yake. Fanya hivi, funga macho, pitisha ncha ya kidole polepole kutoka ngozi nzima kuingia kwa doa. Kwa soriasisi unapanda ngazi, kuna ukingo, unasikia hapa ndio inaanza. Kwa ekzima unaingia tu bila kujua umeingia saa ngapi. Nilimwonyesha mteja wangu mmoja hii kitu na akanyamaza kidogo akaniambia kumbe ngozi inasomeka kama breli.

Kitu moja usifanye ni kubandua gamba kwa kucha uone kama damu itatoka nukta nukta. Hiyo ni alama ya zamani ya soriasisi, ina hata jina la daktari, Auspitz, na utaikuta imeandikwa kila mahali. Shida ni mbili. Ya kwanza haiko kwa kila mtu mwenye soriasisi. Ya pili soriasisi ina tabia ya kuota pale ngozi imeumizwa, ukijikwaruza mstari inaweza kukuletea doa jipya la mstari, kwa hivyo unajipima na unajiongezea ugonjwa hapo hapo.

Kichwa na kucha

Hapa niruhusu niongee sana juu ni ofisi yangu.

Mba ya kawaida ni unga, unga mlaini wa mafuta mafuta, unasambaa kichwa kizima na unaweza kushuka kwa nyusi na kando ya pua. Soriasisi ya kichwa si unga, ni bamba. Inakaa visiwa visiwa, hapa kuna bamba nene na hapa kando kuna ngozi safi kabisa, na mara nyingi inapita mpaka wa nywele inateremka kwa kipaji upana wa kidole, ama inajificha nyuma ya masikio. Nywele mara nyingi zinaendelea kuota kupitia hapo hapo kwa bamba. Mapunye ya watoto ni tofauti, nywele zinakatika zinabaki vibua vya nukta nyeusi, na hiyo ni fangasi, ni dawa ya kumeza, si krimu. Mtoto akiwa na kipara cha magamba usikubali aambiwe ni soriasisi ama ekzima kabla nywele zake hazijaangaliwa fangasi.

Sasa sikia ushauri ambao unanikosesha pesa mimi mwenyewe. Ukiwa na siku ya kliniki ya ngozi, usisuke. Fungua nywele, osha na sabuni ya kawaida siku moja au mbili kabla, usipake mafuta, usipake jeli, usivae wigi. Nimeona mama ametoka hapa kwangu na lainsi mpya kabisa za kichwa kizima akaenda kwa daktari kesho yake kulalamika kichwa, daktari ataona nini? Ataona kazi yangu tu.

Kucha vilevile. Toa rangi, toa kucha za bandia, za mikono na za miguu. Kucha za soriasisi zina vishimo vidogo kama mtu amezidunga dunga na ncha ya sindano, ama zina doa la rangi ya chai limekaa chini ya ukucha kama tone la mafuta, ama ukucha unainuka kutoka kwa nyama kuanzia mbele. Vishimo peke yake havitoshi, ekzima ya vidole pia inaweza kuharibu kucha, lakini vishimo vingi pamoja na lile doa la chai, hapo daktari anaanza kutabasamu. Yangu ilijulikana kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeipaka rangi nyekundu.

Siku ya kwenda

Krimu ndio mchawi mkubwa. Ukipaka steroidi wiki nzima halafu uende, doa limelala, magamba yameisha, na kama ilikuwa fangasi inakuwa imebadilika sura kabisa, haina ule mduara tena, inafanana na chochote. Huku kwetu kuna zile tyubu zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki zote ndani, na watu wanazipenda juu zinafanya kitu kwa kila kitu. Zinafanya pia daktari asione kitu. Ukipigia kliniki simu uulize, niache krimu siku ngapi kabla ya kuja, watakwambia kulingana na hali yako. Lakini vidonge vya steroidi, kama uko kwa hizo, usiviache mwenyewe hata siku moja bila kuambiwa, hiyo ni hatari ya mwili si ya ngozi.

Asubuhi ya kwenda usipake kitu chochote pale penye ugonjwa. Najua mtu wa Nakuru mwezi wa saba akitoka bila mafuta anaonekana kama amelala kwa majivu, vumilia. Mafuta yanafanya magamba yasionekane, na yanaharibu kipimo cha kukwangua magamba nitakachokieleza huko chini.

Beba tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zile zimeisha umekunja mpaka shingoni, na zile za kupimiwa kwa kikopo bila jina, na mitishamba. Beba pia dawa zako zingine zote. Kuna dawa zinaweza kuamsha soriasisi, kama zile za presha za kundi la beta-bloka, lithiamu, na klorokwini. Klorokwini Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, lakini ndugu yake haidroksiklorokwini bado inapewa wagonjwa wa viungo na wa lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, kwa hivyo isiache kutajwa.

Picha. Piga picha siku ngozi iko mbaya kabisa, si siku ya kliniki tu, juu ngozi ina tabia ya kujipanga vizuri siku ya daktari kama mtoto mbele ya headmasta. Simama karibu na dirisha, zima flashi, weka sarafu ya shilingi kumi kando ionyeshe ukubwa, piga moja ya mbali halafu moja ya karibu. Na hii ni muhimu, zima ile kitu ya urembo kwa kamera. Simu nyingi tunazotumia zinalainisha ngozi zenyewe bila kukuuliza, dada yangu alinitumia picha ya mtoto shingo imeng'aa kama ya malkia na mtoto alikuwa analia usiku.

Halafu jiandae kwa maswali, ndio nusu ya kipimo. Ilianza ukiwa na miaka mingapi, kwa familia kuna mwenye pumu, mafua ya chavua, ekzima ama soriasisi, je uliumwa koo wiki chache kabla madoa madogo madogo ya matone hayajajaza mwili, juu kuna soriasisi inafuata tonsili. Viungo vinauma asubuhi? Inawasha vipi, watu husema soriasisi haiwashi na huo ni uwongo, yangu inawasha, ila ekzima inawasha kwanza na kuwasha kwake kunamtoa mtoto usingizini. Na jua linafanya nini? Mimi nikikaa Kisumu wiki mbili viwiko vinalainika, mtoto wa dada yangu joto na jasho la huko huko linamwamsha vibaya. Si kila mtu yuko hivyo, lakini sema, daktari anaandika.

Wakikuuliza pia kama umepimwa virusi vya UKIMWI usikasirike. Soriasisi ikilipuka ghafla kwa nguvu kwa mtu mzima, hiyo ni moja ya vitu daktari mzuri anatoa kwa meza kwanza.

Lenzi yenye taa

Hii ndio inaitwa dermoskopi. Ni kitu cha kushikwa mkononi, lenzi ya kukuza kama mara 10 na taa yake, wengine wanaifunga kwa simu. Inawekwa juu ya ngozi, haiumi, haichomi. Daktari anatafuta mishipa midogo ya damu na rangi ya magamba. Kwa soriasisi anaona nukta nukta zimejipanga sawasawa doa lote, kama mahindi yamepandwa na mtu anayetumia kamba, na magamba meupe. Kwa ekzima nukta ziko lakini zimerundikana hapa na pale bila mpango, na juu yake kuna magamba na maganda ya rangi ya njano, yale maji ya ngozi yaliyokauka.

Kwa ngozi nyeusi zile nukta zinafichwa na rangi yetu, kwa hivyo daktari anaweza kulainisha gamba kwanza na maji ama jeli, na anategemea zaidi rangi ya gamba na mpangilio. Ukimwona anahangaika na pembe za taa usidhani hajui, ngozi yako ndio ina pazia. Lenzi hiyo hiyo inaonyesha upele, kile kidudu kinaonekana kama kipembe tatu kidogo cheusi mwisho wa njia yake, na hii ni kitu ya kukumbuka kama nyumba nzima inawashwa usiku na kati ya vidole. Hapo si soriasisi wala ekzima, ni godoro zote juani na dawa ya kila mtu.

Kukwangua, dakika chache tu

Hapa watu wanaruka wakisikia wembe. Si kukata. Wanachukua upande butu wa kisu kidogo ama kioo, wanakwangua magamba ya ukingoni yaanguke kwa kioo, wanatia tone la potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha gamba, halafu wanaangalia kwa hadubini kama kuna nyuzi za fangasi. Maabara yoyote yenye hadubini na mtu mwenye subira inaweza. Haikuambii una soriasisi ama ekzima, inakuambia kama ni mashilingi, ile fangasi ya mviringo, ama si, na hiyo ni kubwa sana, juu mashilingi ya kiunoni yaliyopakwa steroidi miezi sita yanafanana na zote mbili. Ukiuliza kitu kimoja tu siku hiyo, uliza hii, "naomba magamba yaangaliwe fangasi kwanza."

Waambie wakwangue ukingoni, si katikati. Mimi mara ya kwanza, kliniki moja mjini, kijana alikwangua katikati ya doa nililokuwa nimelipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi hiyo hiyo, majibu yakaja hakuna kitu, na kosa la mafuta lilikuwa langu lakini ya katikati si yangu.

Utepe

Sasa hii ndio mpya, na dada yangu aliiona kwa video akachukua selotepu ya vitabu vya shule akabandika mguuni kwa mtoto akabandua, akaniuliza sasa niangalie nini? Mtoto alipiga nduru, selotepu ikatoka na magamba matatu na sisi wawili tukaangalia zile magamba kwa taa ya simu kama wanasayansi wa mwezini. Hakuna kitu utaona. Usifanye hiyo.

Lakini wazo lenyewe ni la kweli. Kwa utafiti wanabandika vipande vidogo vya utepe maalum, kimoja baada ya kingine pale pale, kila kimoja kinatoka na tabaka jembamba sana la seli za juu zilizokufa. Halafu zile seli zinaenda maabara kusomwa jeni zipi zilikuwa zinafanya kazi. Soriasisi inaendeshwa sana na ile njia ya kinga wanaita IL-17, ekzima na nyingine yenye IL-13, kwa hivyo alama zao hazifanani. Kikundi cha Mount Sinai, New York, kwenye ripoti yao ya 2021 walipima watu wazima 20 wenye ekzima na 20 wenye soriasisi, na jeni moja inaitwa NOS2 iliwatenganisha wote bila kukosea. Wajerumani walikuwa wameshatumia hiyo NOS2 pamoja na nyingine, CCL27, miaka kadhaa nyuma, lakini kwa vipande vya ngozi iliyokatwa, sasa utepe ndio unaondoa kisu.

Watu 20 kwa 20 ni wachache, na hao walikuwa na ugonjwa wa kati na mkali, si yule mwenye doa moja la kumchanganya kila mtu. Kwa hivyo ukienda hospitali ya kaunti ukaitisha kipimo cha utepe watakuangalia tu. Na mtu yeyote akikuuzia kifurushi cha utepe cha kujipima nyumbani huku kwetu, mwulize jeni zinasomewa maabara gani, utaona uso unabadilika.

Kuna mashine zingine kubwa huko nje, za kuona seli kwa miale ya leza bila kukata na ultrasaundi ya ngozi. Kile kipimo cha maji yanayotoka kwa ngozi kinapanda kwa magonjwa yote mawili, hakiyatengi vizuri. Na damu? Hakuna kipimo cha damu cha kusema hii ni soriasisi. IgE, kile kitu cha kinga kwa damu kinachopanda na mzio, ikiwa juu inaunga mkono ekzima lakini nusu ya mtaa IgE yao iko juu kwa sababu ya minyoo na pumu.

Kwa wale wa mikono, wasusi wenzangu, mafundi wa simiti, wamama wa kuosha nguo, mna kipimo chenu kinaitwa pachi. Mikono ni mahali ambapo hata lenzi inakwama, ekzima ya mkono na soriasisi ya kiganja zinafanana kama mapacha. Pachi ni viraka vyenye vitu vidogo vidogo vinabandikwa mgongoni siku mbili, vinatolewa, vinasomwa, halafu unarudi tena siku moja au mbili baadaye visomwe mara ya pili. Hapo ndio inajulikana kama rangi ya nywele, kromiti ya simiti ama glavu za mpira ndio zinakuchoma. Siku hizo hauogi mgongo na haubebi mizigo ya jasho, panga kazi yako. Na urudi ile mara ya pili, mzio mwingine unachelewa kutokea.

Wapi, na kama bado wamekwama

Nakuru ni hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti, wengi bado wanaita PGH, Kisumu ni Jaramogi, ile wazee wanaita Russia juu Wasovieti ndio waliijenga, Eldoret ni Moi, Kakamega ni ile ya kaunti. Usiende tu. Piga simu ama utume mtu aulize siku ya kliniki ya ngozi ni gani, nani anakaa, barua ya rufaa inatakiwa ama la, na bima ya afya ya SHA inashika nini. Usimdharau klinikal ofisa aliyesomea ngozi, aliyenishika gumba akalitazama dakika nzima bila kusema neno alikuwa klinikal ofisa.

Na kama baada ya macho, lenzi na fangasi bado wamegawanyika, hapo kukatwa kunaingia na si mwisho wa dunia, ni sindano ya ganzi na kipande cha duara cha milimita tatu ama nne, uzi mmoja au mbili. Kuna watu pia wana zote mbili kidogo kidogo, mikono hasa. Daktari akikuambia turudi miezi mitatu tuangalie tena, hajashindwa, ngozi inajifunua polepole.

Kabla hujatoka kwa mlango, fungua kitabu chako cha hospitali usome amekuandikia nini, na kama husomi mwandiko wake mwambie akusomee. Changu nilikirudia usiku ule Kisumu, nikakuta ukurasa wa kwanza kabisa, miaka minne nyuma, mtu wa kwanza alikuwa ameandika "ekzima" na alama ya kuuliza mbele yake. Aliyefuata alinakili ekzima tu. Wengine wote wakamfuata huyo.